Kuzunguka Mbudya na Bongoyo kwa boti kipindi cha Kusi: hatua kwa hatua

Kila ukifika mwezi wa sita simu yangu haipumziki. Shule zimefungwa, wageni wameshuka toka Dodoma na Mwanza, kuna mtu kaona video ya pomboo anaruka na yeye anataka akaone, na upepo wa Kusi nao ndo kwanza umekolea. Maswali ni yale yale. Boti zinatoka kweli na upepo huu? Mtoto wa miaka minne anaweza kwenda? Mi sijui kuogelea, nibaki? Papa potwe, wale papa wakubwa wenye madoa, tutawaona? Basi nimekaa nimeandika yote hapa, soma kabla hujamtumia mtu yeyote hela ya boti.

Jibu la haraka: kufika kisiwani kipindi cha Kusi inawezekana siku nyingi tu. Kukizunguka kisiwa ni habari nyingine kabisa, na hapa ndo watu wengi wanapokosea.

Mbudya na Bongoyo ni visiwa vidogo vya hapa Dar es Salaam: Mbudya iko mbele ya Kunduchi, Bongoyo iko mbele ya rasi ya Msasani. Upande unaotazama bara kisiwa chenyewe kinakukinga, maji yametulia, ndo kwenye mchanga na vibanda vya makuti. Upande wa nje, wa mashariki, hamna kinga yoyote, pale ni Bahari ya Hindi tupu, wimbi linakuja limetoka mbali linapiga mwamba linarudi, lile linalorudi linakutana na linalokuja, na boti yako ipo katikati. Sasa mtu kakaa kwenye mchanga Mbudya anaona maji yametulia kama ya kwenye beseni, anamwambia nahodha "tuzungushe basi tuone na huko nyuma", hajui anachoomba.

Mimi niliomba hivyo hivyo, mwezi wa saba. Tulikuwa tisa kwenye boti ya faiba, tumefika nyuma ya Mbudya mashine ikazima. Nahodha anavuta kamba, haiwaki, anavuta tena, haiwaki, na huku wimbi linatusogeza kwenye mwamba. Jaketi zilikuwa tano kwa watu tisa na mbili kati ya hizo hazina mikanda. Mama yangu mdogo alikuwa kashika ubao wa kukalia mpaka vidole vimekuwa vyeupe, anasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Kilichotuokoa ni kijana wa boti kurusha nanga bila kuambiwa, na ile nanga ikashika. Tukasimama tunaning'inia pale kwenye kamba, nahodha akafungua plagi akafuta kwa shati lake, akamwaga petroli iliyoingia maji akaweka nyingine, mashine ikawaka. Tangu siku hiyo siingii boti bila kuiona nanga na kamba yake kwa macho yangu.

Upepo na maji, kidogo tu

Kaskazi unavuma kama Desemba mpaka Machi, unatoka kaskazini mashariki. Kusi unaanza Aprili au Mei mpaka Septemba, unatoka kusini mashariki, na Juni mpaka Agosti ndo una nguvu zaidi. Katikati ya hizo pepo mbili kuna kipindi bahari inatulia, wavuvi wanaita tanga mbili, na kama huna haraka subiri huko. Mwezi wa saba siyo wa kuuchukulia poa: MV Skagit iliyotoka Dar kwenda Zanzibar ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, upepo ukiwa mkali, na ile ilikuwa meli ya abiria siyo kiboti cha watu tisa.

Kitu cha pili, upepo wa Kusi haulingani siku nzima. Alfajiri unakuwa mdogo, kuanzia saa nne saa tano unapanda, mchana ndo unachafua bahari hasa. Mpango wote hapa chini umejengwa juu ya hilo.

Utaona nini kweli

Nasema ukweli ili usije kulaumu. Pomboo wapo mwaka mzima ila hawana miadi na mtu. Kasa wapo, kasa wa kawaida na ng'amba, na unachoona ni kichwa tu kinatoka sekunde chache kinavuta pumzi kinazama, kwa hiyo kwenye maji yenye povu humuoni kabisa, kwenye maji yaliyokingwa unamuona. Nyangumi wenye nundu wanapita pwani yetu kuanzia kama Julai mpaka Oktoba, wanatoka bahari za baridi kule kusini wanakuja kuzaa kwenye maji ya joto, ukibahatika unaona moshi wa maji unaruka mbali halafu mgongo. Ndege wapo, korongo na yangeyange kwenye mwamba maji yakipwa.

Papa potwe kwao Mafia, pale Kilindoni, zaidi Oktoba mpaka Machi. Mtu akikuuzia safari ya papa potwe Mbudya mwezi wa saba usimpe hela. Na wale kaa wakubwa wanaopanda minazi, Mbudya wapo kweli, ila wanatoka usiku, mchana wamejificha kwenye mashimo, kwa hiyo usimsumbue nahodha akutafutie.

Andaa hivi kabla

- Begi lisiloingiza maji. Kama huna, mifuko ya nailoni miwili, mmoja ndani ya mwingine, funga fundo.
- Koti jepesi la mvua. Watu wanacheka kuambiwa wabebe koti Dar, ila ukilowa na upepo ukakupiga dakika arobaini utatetemeka.
- Suruali au bukta. Akina mama, dera au baibui tupu inaleta shida wakati wa kurukia boti na kushuka kwenye maji, vaa suruali ndani ili uweze kuipandisha.
- Viatu vya kamba vinavyoshika mguu, siyo kandambili. Kwenye mwamba kuna vile vidude vyenye miiba mirefu myeusi.
- Maji ya kunywa, lita moja na nusu kila mtu, na vitu vikavu: mkate, biskuti, tangawizi.
- Dawa ya kichefuchefu cha safari, mwambie mfamasia ni kwa ajili ya boti, na kama ni ya mtoto au mjamzito umwambie.
- Filimbi. Bei yake ndogo na sauti ya mtu haifiki popote kwenye upepo.
- Hela ya kiingilio. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu, yaani yanalindwa kisheria, tangu 1975, kiingilio ni cha serikali na unapewa risiti, hicho ni tofauti na hela ya boti, uliza mapema kama kimo ndani ya bei au hakimo.
- Mtu mmoja aliyebaki bara anayejua mmeenda wapi na mnarudi saa ngapi.

Hatua ya 1: Angalia hali ya hewa siku mbili kabla, halafu usiku wake, halafu asubuhi

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa utabiri wa bahari na inatoa tahadhari kwa ngazi: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Ukisoma yale maneno wanayoyatumia mara nyingi, "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita mbili" kwa pwani ya Dar, siku hiyo hamna kuzunguka kisiwa na kwa ushauri wangu hamna boti kabisa. Usijadiliane nalo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia watu walikuwa wametangaziwa siku kadhaa kabla, kwa hiyo taarifa zipo, kazi yako ni kuzisoma.

Ukitumia programu ya upepo kwenye simu, angalia kwanza inapima kwa nini. Hili kosa naliona sana: mtu anaona 20 anasema upepo mdogo huo, kumbe ni noti siyo kilomita. Noti 20 ni kama kilomita 37 kwa saa, yaani umeshafika pabaya. Kipimo changu ni hiki: chini ya noti 10 nenda, 10 mpaka 15 nenda ila ubaki upande uliokingwa, zaidi ya 15 ahirisha.

Halafu angalia wimbi, siyo urefu tu bali na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Wimbi la mita moja kila baada ya sekunde kumi linakubeba linakushusha taratibu. Mita hiyo hiyo moja kila baada ya sekunde tano inakupiga makofi safari nzima.

Hatua ya 2: Panga na maji kujaa na kupwa

Tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar siku za bamvua inapita mita tatu, ni kubwa hiyo. Bamvua ni siku za karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mkondo unakimbia sana, na mkondo ukienda upande mmoja upepo ukaja upande mwingine mawimbi yanasimama mafupi na yamechongoka. Chagua siku za maji mafu, katikati hapo, mkondo umelegea.

Na saa nayo ina maana. Maji yakipwa kabisa Kunduchi utatembea mbali sana kuifuata boti na boti yenyewe itakuwa inakwaruza chini. Maji yakijaa kabisa wimbi linapita juu ya mwamba linaingia mpaka ndani, ile kinga inapungua. Mi napenda nusu ya kujaa, asubuhi, yaani boti inaelea vizuri na mwamba bado unavunja wimbi. Jedwali la maji unalipata kwenye simu, au muulize mvuvi yeyote pale sokoni atakuambia bila kuangalia popote.

Hatua ya 3: Nenda ukaione boti kwa macho

Usikodi boti kwa picha. Picha ni ya boti nyingine, au ni ya hiyo hiyo ikiwa mpya. Fika siku moja kabla, Kunduchi au Slipway kule Msasani au popote utakapopandia, na uangalie vitu hivi bila aibu, hela ni yako na watoto ni wako:

Jaketi okozi, zile tunazoita laifujaketi. Hesabu. Zishike mkononi, vuta mikanda, angalia klipu zinafunga. Kama mna watoto kuna za watoto? Ya mtu mzima kwa mtoto haifai, akiingia kwenye maji inapanda juu inamvuka kichwa, mwenyewe anabaki chini. Kwa hiyo lile swali la mtoto wa miaka minne, jibu langu ni kwamba kama hakuna jaketi ya saizi yake haendi, na hata ikiwepo kipindi cha Kusi asipelekwe upande wa nje.

Nanga na kamba. Nanga iwe imefungwa kwenye kamba na kamba imefungwa kwenye boti, siyo nanga iko huku na kamba iko huku chini ya madumu. Kamba iwe ndefu, fupi haishiki kwenye maji ya kina.

Mashine. Mwombe nahodha aiwashe mbele yako. Ikiwaka kwa kuvuta mara moja au mbili vizuri, ikihitaji mara nane ikiwa ufukweni imetulia, huko nyuma ya kisiwa itakuwaje? Uliza kama kuna mashine ya akiba. Uliza na mafuta ya akiba yako kwenye dumu lenye kifuniko kinachokaza, maana maji ya chumvi kwenye petroli ndo yaliyotuzimishia sisi.

Chombo cha kufulia maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje ya boti, hata dumu lililokatwa. Kasia. Na sakafu ya boti, kama leo imetulia tu ina maji mpaka kwenye vifundo vya miguu basi inavuja.

Mwisho uliza cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na idadi ya abiria. Mwenye nacho anakutolea tu, mwenye kukasirika kwa kuulizwa umeshapata jibu.

Hatua ya 4: Ongea na nahodha kabla ya hela

Hapa ndo pazito kuliko hatua zote, kaa napo. Ukishalipa unakuwa unataka upate thamani ya hela yako, na nahodha akishapokea anaona aibu kukwambia leo hapana. Wote wawili mnaingia kwenye bahari ambayo kila mmoja peke yake asingeiingia. Kwa hiyo malizeni maneno mapema. Mi naanza hivi:

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba mwanangu."

"Nina familia nataka kuwapeleka Mbudya Jumamosi, waone pomboo wakijaliwa. Kuzunguka, nakuachia wewe uamue siku hiyo. Ukisema haifai, hela ya mzunguko siilipi na sikulaumu, ila ya kwenda na kurudi unayo. Na ukiamka asubuhi ukaona bahari imechafuka, nipigie hata saa kumi na moja alfajiri, tutahamisha siku."

Utaona uso wake unabadilika, maana wateja wengi wanamsukuma. Mwaka jana nahodha mmoja wa Kunduchi alinijibu "we mtu wa bahari wewe", na Jumamosi yenyewe alinipigia saa kumi na moja kasoro akasema twende wiki ijayo. Nilimshukuru na bado naenda naye.

Lipa nusu, nusu iliyobaki mkirudi. Andikianeni ujumbe wa simu wenye saa ya kutoka, saa ya kurudi, idadi ya watu, bei, na nini kinafanyika bahari ikichafuka. Ujumbe mmoja unatosha.

Hatua ya 5: Usiku na asubuhi

Lala mapema. Usile biriani usiku wa manane. Asubuhi kula kidogo, mkate na chai ya tangawizi, usiende na njaa kabisa maana tumbo tupu linachafukwa haraka kuliko lenye kitu. Dawa ya kichefuchefu meza kabla ya kutoka, kwa muda ule mfamasia aliokuambia, ukisubiri mpaka uanze kujisikia vibaya imekwisha hiyo, utaitapika.

Mjamzito na mwenye matatizo ya mgongo wabaki, siyo kwa ubaya, boti ikiruka inatua kwa kishindo na hakuna mto wa kukalia unaosaidia.

Hatua ya 6: Simama ufukweni dakika kumi uangalie

Uwe umefika saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya kubeba chochote simama utazame mbali, siyo pale miguuni. Ukiona povu jeupe hapa na pale, upepo uko kama kilomita 15 au 20 kwa saa, inaendeka kwa upande uliokingwa. Ukiona povu limejaa kila unapotazama na bado ni asubuhi, fikiria itakuwaje saa tano. Angalia na wavuvi: kama ngalawa zote zimevutwa juu na watu wamekaa wanashona nyavu, hao siyo wavivu.

Hatua ya 7: Kupanda na kukaa

Jaketi vaa ukiwa bado nchi kavu na ufunge mikanda yote. Wasiojua kuogelea mnaweza kwenda, jaketi ndo yenu, ila msiivue hata mkifika kwenye maji yaliyotulia.

Wazito na wenye matumbo mepesi wakae nyuma karibu na tezi, mbele kwenye omo ndo boti inaruka zaidi. Hakuna kusimama, hakuna kukaa pembeni kwenye ukingo kwa ajili ya picha. Shika kitu kwa mkono mmoja muda wote. Boti ikipanda wimbi kunja magoti kidogo ujiinue nusu, isikupige mgongo ikitua. Na nahodha akisema hamia upande huu, hamia, lakini mmoja mmoja.

Hatua ya 8: Chungulia nchani, usizunguke kwanza

Elekea upande uliokingwa, mwendo mdogo. Huko huko ndo mtafute wanyama wenu kwanza, zima mashine, mtulie dakika kumi na tano. Watu wanadhani lazima uende mbali uone kitu. Kasa wangu karibu wote nimewaona hapo kwenye maji yaliyokingwa, mmoja alitoka karibu na boti kiasi kwamba tulisikia pumzi yake, ile fuuu, halafu akatutazama na jicho lake limelowa, akazama taratibu bila kurusha hata tone.

Mkitaka kuona upande wa nje, nendeni mpaka kwenye ncha ya kisiwa, pale kinga inapoishia, msimame ndani ya kinga muangalie. Wimbi linapiga vipi mwambani? Povu linaruka juu kiasi gani? Mkondo unaelekea wapi? Kama nahodha amekaa kimya anatazama, msimsemeshe. Akiridhika mnatoka, na mkitoka mkae mbali na mwamba, mbali kweli, ili mashine ikizima muwe na muda wa kutupa nanga. Wimbi lipokelewe na omo kwa mshazari, siyo ubavuni. Mtu mmoja hata mmoja akisema anaogopa mnageuza, na mnageuza mkiwa bado ndani ya kinga.

Siku nyingi za Kusi mtachungulia na kurudi. Safari bado ni nzima.

Hatua ya 9: Mkiona mnyama

Punguza mwendo mapema, halafu gia huru. Usimfukuze, usimkatie njia kwa mbele, usipite katikati ya mama na mtoto. Kwa nyangumi mi sisogei ndani ya mita 100, na pomboo nawaacha waje wenyewe, wakitaka wanakuja kucheza mbele ya boti na wasipotaka huwezi kuwalazimisha. Msikimbilie wote upande mmoja, hili nalirudia, pomboo akitokea kushoto watu tisa wanaruka kushoto na boti inalala. Hakuna kuruka kwenye maji na snokeli upande wa nje siku ya upepo.

Kisiwani usiokote makome wala kiti cha pweza wala tumbawe, ni eneo tengefu. Yale matumbawe yaliyobaki yamepigwa baruti miaka mingi, tuyaache yapumue.

Hatua ya 10: Rudi kabla hujataka kurudi

Saa nne na nusu muwe mmeshafunga vitu, saa tano muwe mnagusa bara. Samaki wa kukaanga na chipsi ni watamu ila agiza mkifika tu, siyo saa tano, maana wanachelewa na upepo haukusubiri. Kurudi Kunduchi wimbi linawapiga ubavuni, nahodha atakata kona kona, msimwambie anapoteza muda. Kurudi Slipway mnaupokea upepo karibu usoni, mtalowa, koti livaliwe kabla ya kuondoka.

Ikitokea tatizo

*Mtu anatapika.* Mweke nyuma, upande ambao upepo hauelekei kwa wenzake, atazame mbali pale mbingu inapokutana na maji, simu aweke mfukoni. Maji kidogo kidogo, tangawizi atafune. Mshike mkanda wa jaketi asiegemee nje peke yake. Akishatapika mara tatu mnarudi.

*Mashine imezima.* Nanga kwanza, mashine baadaye. Wote wakae chini katikati. Nahodha aangalie mafuta, mpira wa mafuta, plagi, kwa utaratibu. Mkiona nanga inakokota na mwamba unakaribia pigeni filimbi, pungeni kitambaa cha rangi kali, pigeni 112 na yule mtu wenu wa bara. Boti ikiwa na redio ya VHF, wito wa dharura ni chaneli ya 16.

*Maji yanaingia.* Mtu mmoja kazi yake iwe kufua tu, asifanye kingine. Mizigo isogezwe ili boti ikae sawa, mwendo upunguzwe.

*Mtu ameanguka.* Mmoja amnyooshee kidole na asiondoe macho hata sekunde moja, katikati ya mawimbi kichwa cha mtu kinapotea upesi sana. Mrushieni jaketi au dumu tupu. Boti imfuate ikiwa omo inatazama upepo, mashine iwe gia huru akiwa karibu.

*Boti imepinduka.* Shikeni boti. Bara mnaliona na linaonekana karibu, msiogelee kulifuata, mkondo utawatawanya. Shikaneni mikanda, watoto katikati, filimbi.

*Mvua imewafunika ghafla na hamuoni kisiwa.* Punguzeni mwendo mpaka chombo kitii tu, kama maji ni mafupi tieni nanga. Mvua za namna hiyo nyingi zinapita ndani ya nusu saa.

*Nahodha kagoma kutoka na watoto wanalia.* Kama maji yamepwa, chukua watoto mtembee pale kwenye mwamba wa ufukweni mkiwa na viatu, muangalie kaa na samaki wadogo waliobaki kwenye madimbwi na yangeyange wanaowawinda. Mkumbushe nahodha siku mpya kwa ujumbe hapo hapo kabla hujaondoka.

*Simu imeingia maji ya chumvi.* Izime, usiichaji, toa laini, ipanguse kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kuondoa chumvi, ikaushe kwenye upepo, umpelekee fundi siku hiyo hiyo. Miwani na mrija wa snokeli, na klipu za jaketi kama ni zako, suuza kwa maji baridi ukifika tu nyumbani, chumvi ikikaukia kwenye klipu safari ijayo haifungi.